Kumtafuta Olga, B.

Mwalimu Déo Kabemba alifuta kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Inspekta Michel Sumaili alimwacha amalize, kisha akamwonyesha kiti kingine.

"Ile ni kiti ya mushtakiwa, Mwalimu. Ya mwenye kushtaki ni hii."

Abdoul, karani wa ofisi, alichekea puani bila kuinua kichwa. Mwalimu akahama. Kiti cha pili hakukifuta.

Juu ya meza kulikuwa na bomba la plastiki angavu, refu kama mkono wa mtu mzima. Chini lilizibwa kwa kizibo chenye msalaba mweusi, na ubavuni lilibandikwa rula ya shule. Kazi yake haikuwa ngumu kueleweka. Unamimina maji humo, unachungulia kutoka juu, na msalaba ukipotea machoni unasoma rula. Maji ya tope huuficha msalaba mapema. Maji meupe hujaa mpaka mdomoni na msalaba bado unauona.

Kwa bomba hilo mtu fulani alikuwa amepima vijito vya Wamaza katika mvua na kiangazi, akaandika makala kuhusu tope linaloshuka kutoka machimbo ya upande wa Lusangi. Makala hayo yalitoka katika jarida kwa jina moja tu, la Déo Kabemba, na yakamfanya mkuu wa kitengo cha maji katika chuo chake hapa Kasongo. Mwaka huu msaidizi wake, Pascaline Mwayuma, alileta tasnifu yake, na kurasa zake nyingi zilikuwa ndizo zile zile za makala. Déo akashtaki mahali pawili. Chuoni alishtaki wizi wa maandishi, polisi akashtaki wizi wa bomba. Bomba lilikutwa chini ya kitanda cha Pascaline, naye Pascaline alikutwa amekaa juu ya kitanda hicho, akasema ni lake. Tangu Jumatatu alikuwa kashoti, mahabusu ya polisi.

Ijumaa baraza la chuo lingekaa. Polisi wakiandika kwamba ni mwizi, diploma inakwenda, kazi inakwenda, na yeye mwenyewe anatoka kashoti kuingia gereza kubwa.

"Bomba hii ulinunua wapi?" Sumaili aliuliza.

"Mradi ndiyo ulileta. Toka Ulaya."

"Fakture ya kununulia iko?"

"Enspekta, mradi ulifungwa zamani. Makaratasi yalienda na wenyewe."

"Na rula pia ilitoka Ulaya?"

"Rula niliweka miye."

"Kwanza kufika Wamaza ulifika lini?"

"Kiangazi cha 2022. Kabla ya pale sikukanyaga. Nilienda kwa moto, pikipiki yangu, nikapima, nikarudi tena na tena mpaka nikamaliza. Halafu nikaandika."

"Na nani?"

"Na kichwa changu."

Abdoul aliandika. Sumaili alifungua makala, akayapita maneno na michoro yote, akasimama kwenye kurasa za mwisho.

"Hawa watu wa huku nyuma ni nani?"

"Wapi?"

"Hapa. Majina yamepangwa kama ya kwenda kupokea sabuni."

Déo alivua miwani akaipangusa. Alionekana kufurahi kidogo. "Ni marejeo, Enspekta. Waandishi niliowategemea. Unasema neno, unaonyesha umelitoa kwa nani."

"Basi ni mashahidi."

"Tuseme vile, kwa lugha yenu."

"Kwa lugha yetu, shahidi akitajwa anaitwa. Tuanze. Huyu wa kwanza iko wapi?"

"Alikufa."

"Huyu?"

"Mufaransa. Muzee sana, hatafika."

"Huyu?"

"Iko Kinshasa. Tulisoma naye. Ukimuita atakuja, anapenda kutembea."

Walishuka hivyo jina kwa jina. Déo alijibu haraka, mguu mmoja juu ya mwingine. Mvua ilianza kupiga bati, Sumaili akapandisha sauti.

"Olga, B. Mwaka 2020. Imeandikwa *Entretien, Wamaza*. Huyu?"

Déo aliangalia saa yake. "Mubelgiji."

"Mwanamuke?"

"Kwenu Olga ni jina la mwanaume?"

"Mubelgiji alifika Wamaza kwa ile barabara?"

"Wazungu wanafika popote. Ameandika kitabu juu ya matunzo ya mito. Kitabu kikubwa."

"Umekisoma?"

"Mutu anaweza kutaja kitabu asichosoma?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

"Nimekisoma. Chote."

"Abdoul," Sumaili alisema, "usisahau lile neno *chote*."

Mwalimu alisoma maelezo yake, akasahihisha kosa moja la Abdoul la tahajia, akatia sahihi.

Benita, mtunza maktaba wa chuo, aliweka kiti chake chini ya bati la veranda, mahali pekee ambapo simu yake ilikamata mtandao. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kufokea mbuzi, na vitabu navyo alivifokea hivyo hivyo. Sumaili alimpa makala na tasnifu ya Pascaline asubuhi. Mchana alimkuta amekunja uso.

"Yambo, mama Benita."

"Yambo yako, papa. Kaa. Huyu Olga wenu, muliokota wapi?"

"Ni Mubelgiji. Ana kitabu."

"Hana kitabu. Nimetafuta kwa maktaba za Ubelgiji, nimetafuta kwa majarida yote ninayoweza kufungua. Hakuna mutu anayeitwa vile aliyeandika hata ukurasa moja juu ya maji. Lakini wanamutaja."

"Nani?"

"Hapo ndipo iko utamu." Benita alimgeuzia simu. "Angalia. Hii makala ni ya mwalimu wa Bukavu. Ametaja Olga, B., sawasawa na Déo, herufi kwa herufi. Hii ya pili ni ya mutu wa Kindu. Yeye ameandika *Entretien des rivières*, matunzo ya mito. Mito imetoka wapi? Kwa Déo haimo. Ameiongeza mwenyewe, aliona jina ni fupi. Na hii ya tatu, soma mwisho."

Sumaili alisoma. "*Bruxelles*."

"Amepewa na muji wa kuchapishia! Huyu mwanamuke anakua, papa. Mwaka kesho atapata pasaporti."

"Na hawa watatu walimusoma?"

"Hakuna aliyemusoma. Wote watatu wametaja pia makala ya Déo. Walimukuta kwa Déo, wakamubeba. Ni kama chale za ukoo. Ukimukuta mutu nazo, unajua ametoka nyumba gani, hata akikataa. Kosa likinakiliwa linafanya vile vile. Ukilirudisha nyuma unafika kwa aliyelizaa."

"Kwa hiyo Déo ndiye aliyelizaa."

Benita alichukua tasnifu, akafungua mahali alipokunja ukurasa. "Ningependa iwe vile. Yule binti simuchukii. Lakini soma hapa."

Sumaili alisoma sentensi moja katika makala, kisha katika tasnifu. Zote mbili zilisema kwamba kabla ya wachimbaji kufika, kijito kilikuwa na maji meupe hata wakati wa masika. Maneno yalikuwa yale yale na nukta ilikuwa pale pale. Mwishoni, ndani ya mabano, Déo aliandika *Olga, B., 2020*. Pascaline aliandika *Safi, B., 2020*.

"Na Safi, B. ni nani?"

"Haiko popote. Olga angalau iko na watatu wanaomutaja. Safi hana hata mumoja."

Sumaili aliziweka karatasi mbili sambamba juu ya goti. "Alinakili sentensi, akabadilisha jina ili asikamatwe."

"Ukiniuliza kama mutunza vitabu, inaonekana vile," Benita alisema. "Miye mwenyewe niliona, nikakasirika. Nikafunga simu, nikanywa chai."

"Na Ijumaa baraza wataona vile."

"Wameisha kuona. Déo amewaonyesha ile ukurasa tangu jana."

Kashoti ya Kasongo ina dirisha moja, nalo liko juu. Pascaline alitolewa akasimamishwa uani, akafumba macho kwa sababu ya jua. Alikuwa na miaka kama thelathini, kitenge chake kimechakaa pindoni. Sumaili alimpa kiti, akamwonyesha mabano mawili.

"Kwa nini ulibadilisha jina la mwandishi?"

Aliangalia karatasi ya Déo kwa muda mrefu kuliko yake mwenyewe. "Ameliacha," alisema. "Hakuligusa hata."

"Nimeuliza weye. Kwa nini ulibadilisha?"

"Sikubadilisha miye. Wenyewe ndiyo walibadilisha."

"Wenyewe nani?"

"Enspekta, kule chuoni nimesema kwamba niliandika ile makala mwaka 2020, nikamupa Mwalimu anisahihishie, akaniambia ni mbaya, haifai kutoka. Waliniuliza iko wapi ya kwanza. Nikasema ordinateri yangu, kompyuta, ilizama na pirogi pale mutoni Lualaba. Wakacheka. Nikasema bomba nilitengeneza miye. Wakacheka tena. Sasa nikikuambia huyu Olga ni nani, utaandika nini?"

"Nitaandika: mushtakiwa anadai."

"Unaona? Nenda Wamaza. Uliza nyumba nilikokaa. Wakisema wao, utaandika: shahidi anasema."

"Wamaza si hapo jirani."

"Najua. Nimetembea."

Sumaili alimwita mlinzi. Pascaline alipofika mlangoni aligeuka.

"Kitu kimoja, papa. Ukifika pale, lile jina la kwanza usilitaje mbele ya mama."

"La Olga?"

"Ulitaje hapa ukitaka. Pale, hapana."

Sumaili aliandika hilo pia, na pembeni yake akaweka alama ya kuuliza. Katika kazi yake, mtu anayekuagiza ufanye safari ndefu mara nyingi anataka tu uwe mbali.

Alipanda moto wa ofisi alfajiri, akafuata barabara ya Kabambare. Palipo na daraja zima alipita akiwa amekaa. Palipobaki magogo mawili alishuka akausukuma, na mahali pamoja wenye baisikeli za mawese walimsaidia kuubeba huku wakimwuliza kama polisi nao wanalipa nauli. Alifika Wamaza na matope mpaka kifuani. Nyumba haikumpa taabu. Kila aliyemwuliza msichana wa kupima maji alikaa wapi alinyoosha kidole upande ule ule.

Mwanamke wa nyumba alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Alipoona kofia ya polisi aliusimamisha mchi.

"Karibu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Natafuta mutu anayeitwa Safi. Jina lake lingine linaanza na B."

"Safi iko kwa shangazi yake. Amefanya nini?"

"Hakufanya kitu. Ni mutu mukubwa?"

"Mukubwa wapi! Ndiyo anaanza sekondari." Aligeuza shingo, akaita kwa nguvu kuelekea nyuma ya nyumba. "Baba Safi! Ee, Baba Safi! Njoo, mutu wa Leta, polisi, amefika, anatafuta mutoto wako!"

Sumaili aliyekuwa anajipangusa matope aliacha mkono hewani. Akatoa karatasi mfukoni, akaandika maneno mawili: *Baba Safi*. Chini yake akaandika neno la mwisho kwanza, akaweka mkato, na la kwanza akalifupisha kwa herufi yake: *Safi, B.*

Hapakuwa na mwandishi yeyote. Palikuwa na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba akatokea na jembe begani, mwembamba, mwenye haraka ya mtu aliyekatishwa kazi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Raphaël, na ilibidi Sumaili amwulize mara mbili ili alitoe.

"Ile jina sijaisikia tangu nibatize mutoto wa mwisho," alisema. "Hata Pascaline hakuijua. Alikula kwangu mwaka muzima, siku ya kuaga ndiyo aliniuliza, papa, jina lako nani? Nikacheka, sikumuambia."

"Alikuja mwaka gani?"

"2020. Mwaka wa kuosha mikono."

"Alikuuliza juu ya maji?"

"Ee. Alifungua simu ikakamata sauti. Akauliza zamani kijito kilikuwa vipi. Nikasema kilikuwa na maji meupe, hata masika."

"Na ni kweli?"

Raphaël alikuna kidevu. "Nilikuwa na njaa, Enspekta. Bugali ilikuwa mezani inapoa. Nilisema ile ya kumaliza upesi."

Sumaili aliandika neno *njaa*. Walimu watatu, wa Bukavu na wa Kindu na yule wa tatu, walikuwa wameisimamisha hoja yao juu ya njaa ya mtu huyu. Lakini hilo halikuwa shtaka lake.

Alichagua swali lake kwa uangalifu. "Mwaka ule Pascaline alikaa hapa, watu walikuwa wanakuita nani?"

Raphaël alimtazama mkewe. Mama Safi aliokota beseni la sombe, akaingia jikoni.

"Njoo," Raphaël alisema.

Nyuma ya nyumba, kando ya migomba, palikuwa na kaburi la saruji. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa msumari kabla saruji haijakauka: OLGA 2021.

"Mutoto wangu mukubwa. Alilala chumba kimoja na Pascaline, walikuwa kama ndugu. Homa ilimuchukua siku chache tu. Wakati ule miye nilikuwa Baba Olga, yule kule Mama Olga. Baada ya kuzika, mama alisema hapana. Mutu akimuita vile, haitiki. Akiniita miye vile, anaingia ndani. Mutaa wote ukajifunza. Tukachukua jina ya Safi."

"Mutu akifika hapa kiangazi cha 2022, angeweza kusikia unaitwa Baba Olga?"

"Na nani?"

"Nauliza."

"Na miye nakuuliza. Na nani?"

"Mwalimu Déo Kabemba unamujua?"

"Wa miwani? Alipita mara moja. Hakuzima moto. Aliuliza njia ya Lusangi, nikamuonyesha, akaenda."

Sumaili aliandika maelezo akiwa amechuchumaa, na Raphaël akatia sahihi yake, karatasi ameilaza juu ya jembe. Kisha waliitwa kula. Jikoni, wakati Mama Safi anageuza bugali, Sumaili aliona kitu ukutani kimening'inizwa kwa kamba. Kilikuwa bomba la plastiki angavu, na ndani yake mlisimama miko ya kupikia.

"Mama, ile ulitoa wapi?"

"Ni ya Pascaline. Alinunua kifuniko cha taa ya neoni pale Kabambare, akakikata kwa kisu cha moto. Moja akafanya kipimo chake. Hii akaniachia miye."

Ncha moja ya bomba ilikuwa imekatwa upande upande, mkono wa mkataji uliteleza mahali pamoja ukaacha jino. Sumaili aliomba alichukue. Mama Safi alitoa miko mmoja mmoja.

"Baba Safi ameniambia," alisema, mgongo umemwelekea. "Kule kwenu mumeandika mutoto wangu."

"Si miye, mama. Ni kosa la kugeuza majina. Wanasema aliandika kitabu."

"Hakumaliza sekondari."

"Wanasema ni kitabu kikubwa."

Alimpa bomba. "Basi kama kiko, mukilete. Nikione."

Alhamisi asubuhi Sumaili aliwaweka pamoja ofisini, kama sheria inavyoruhusu. Déo alikaa upande wa mlalamikaji, Pascaline upande wa mshtakiwa, Abdoul katikati na karatasi zake. Benita aliitwa kama mjuzi, na kiti kilipokosekana alikaa juu ya kreti.

Sumaili hakutoa hotuba. Alilaza bomba lenye rula mezani, akatoa lile la miko, akayasukuma mpaka ncha zikakutana. Jino la moja liliingia katika pengo la lingine. Kati yao hapakupita hata ukucha.

"Hii nusu ilikuwa jikoni kwa mama mumoja wa Wamaza. Iko hapo tangu 2020. Bado inanuka mawese. Mradi wa Ulaya ulileta miko pia?"

Déo aliyatazama mabomba. "Sawa. Labda nilichanganya. Mradi ulileta vitu vingi, mutu anaweza kuchanganya bomba na bomba. Bomba nalifuta. Lakini makala ni mengine, Enspekta. Makala niliandika miye, na huyu alinakili. Mbele ya baraza nitabaki na makala."

"Mwalimu, unafuta bomba kwa mate," Benita alisema.

"Mama Benita, wewe ni wa vitabu. Nyamaza."

"Tubaki na makala," Sumaili alisema. "Tubaki na neno moja tu. Olga, B. Ulisema ni Mubelgiji."

"Nilisema."

"Ulisema umesoma kitabu chake chote."

"Ee."

"Kuna mama Wamaza anataka kukiona. Kilete."

"Nilimwazima mutu."

"Jalada ni rangi gani?"

Déo alikohoa. "Kijani."

"Kinaongea nini?"

"Nilikuambia. *Entretien*. Matunzo ya mito, namna ya kusafisha, kuzuia kingo zisianguke…"

Benita aliweka mkono mdomoni, kisha akautoa. "Mwalimu. Kwa Kifaransa *entretien* ni matunzo, lakini ni mazungumzo vilevile. Mutu akikaa na mutu, amuulize maswali. *Entretien, Wamaza.* Mazungumzo, Wamaza. Haiko kitabu. Haikuwa kitabu siku hata moja."

Mvua haikuwapo siku hiyo, na bati lilikuwa kimya. Déo alimgeukia Pascaline, ambaye alikuwa anaangalia mabomba mawili tu.

"Pascaline," Sumaili alisema, "mwaka 2020 uliandika nini pale pa jina la mwandishi?"

"Mashini ya kupanga marejeo, ile ya ndani ya ordinateri, iliniuliza jina la mwandishi. Nilikuwa simujui kwa jina lingine. Nikaandika vile tulivyomuita nyumbani, maneno mawili. Mashini ikachukua la mwisho ikafanya jina la ukoo, la kwanza ikalikata ikabaki herufi. Sikuangalia. Ni kosa langu, nalikubali. Na kwa tasnifu nimerudia kosa lile lile, na jina la sasa, lile nililolikuta niliporudi kuwapa pole."

"Vile mulivyomuita nyumbani ni vipi?"

Pascaline aliinua macho kutoka kwenye mabomba. "Papa, hapa tuko mbali na mama. Basi nitasema." Akasema maneno mawili, kwa sauti ndogo, Abdoul akamwomba arudie, akayarudia.

Sumaili alisoma maelezo ya Raphaël: mwaka wa kaburi, mwaka jina lilipokatazwa, mtu wa miwani ambaye hakuzima moto. Alisoma polepole, bila kupandisha wala kushusha sauti, mpaka sahihi. Kisha akafungua maelezo ya Déo ya siku ya kwanza, akamwonyesha mahali alipoandika kwamba kabla ya 2022 hakukanyaga Wamaza, na mahali Abdoul alipoandika *chote*.

Déo alisoma vyote viwili. Alivua miwani. Safari hii hakuipangusa. Mdomo wake ulifunguka, na kilichotoka hakikuwa utetezi wala matusi, kilikuwa swali la mtu aliyechanganyikiwa kabisa.

"Sasa Olga ni nani?"

Benita aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Abdoul," Sumaili alisema.

"Ndiyo, shefu."

"Andika ile swali. Mwenye makala anauliza polisi shahidi wake ni nani. Andika kama alivyosema, usiongeze kitu."

Abdoul aliandika. Sumaili alisubiri wino ukauke, akageuza karatasi, akamwekea Déo kalamu mbele yake. Halafu aliyatenganisha mabomba. Lenye rula akampa Pascaline mkononi.

"Baraza ni kesho, mama. Nenda ukaoge. Hii nyingine nitairudisha Wamaza miye mwenyewe, mama wa kule anapika bila mahali pa kuweka miko."